Betri Iliyokaa Siku Nne Uani

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Tangu palizi ya pamba hujagusa daftari hili. Panya wamekula kona mbili. Hukukaa darasani utotoni, ukahangaika na kisomo cha watu wazima ukiwa na watoto wanne, ukajua kuandika, halafu unaacha kalamu inakauka. Shika sasa. Mambo yapo.

Leo kusaga tangu asubuhi. Mahindi kidogo, mtama mwingi. Injini aliyoniachia marehemu mume wangu bado ina nguvu. Inazungusha mashine ya unga, na ile dainamo ya gari aliyoifunga kwa mkanda pembeni. Betri tatu za redio za majirani zilikuwa zinachajiwa. Ndipo wakaingia na pikapu. Masanja, baba yake Kabula, na mama mzazi wa Masanja, kutoka Kagongwa. Wamekuja kumchukua Kabula, mjukuu wangu.

Nilijua watakuja. Ng'ombe wa kumkomboa mtoto aliyezaliwa bila ndoa wameshaingia zizini kwa shemeji yangu. Binti yangu Limi aliolewa na mtu mwingine, yuko Geita, na mtoto aliniachia akiwa hajaota meno. Miaka sita nimelea. Kwa mila sasa ni wao. Sibishi. Nachukia tu.

Kabula alipowaona alijificha nyuma ya magunia. Shikamoo hakutoa. Nilimgombeza kwa mdomo. Moyoni nilifurahi.

Jumanne, 13 Agosti

Walitaka kuondoka asubuhi. Kabula alilia mpaka akatapika, ameng'ang'ania mguu wangu. Gari nalo likakataa. Jana Masanja alishinda ndani yake na vijana wakisikiliza kaseti. Betri imekwisha kabisa. Wamesukuma kwenye mchanga, wapi.

Akasema aibebe kwa fundi Shinyanga mjini. Nikamwambia, "Baba, dainamo ile umeiona? Nachaji betri za kijiji kizima cha Samuye. Mjini unakwenda kutafuta nini?" Akaona haya. Akakubali.

Nimeifungua mwenyewe. Nimekwangua kutu nyeupe kwenye vichwa. Nimetoa vifuniko vyote sita, nikaongeza maji ya mvua niliyoyatunza kwenye chupa. Ya kisima yana chumvi, yanaua betri. Waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa. Nikawasha injini mbele ya macho yake.

Alipokwenda kunywa uji nikachomoa mwekundu. Nikaubanisha kwenye kipande cha mpira palepale karibu na kichwa cha betri. Ukitazama kwa mbali, umeshika.

Nimefanya hivyo kwa akili zangu timamu.

Jumatano, 14 Agosti

Nimewaambia betri ni kubwa, inachelewa. Wameniamini.

Mama Masanja hakai kama mgeni. Amefagia uwanja wangu bila kuuliza. Amepika mchele aliokuja nao, Kabula kala sahani mbili. Ugali wangu wa mtama mtoto anautazama kama dawa. Mchana yule mama amemsuka nywele. Mistari myembamba, imenyooka, mimi siwezi hiyo. Mtoto hakulia hata kidogo. Kwangu kusuka ni vita.

Halafu Kabula kasema mbele yangu, "Mikono ya bibi wa Kagongwa haikwaruzi."

Nimeitazama mikono yangu. Asidi imeitafuna miaka kumi. Hii ndiyo iliyompakata alipougua surua. Hii ndiyo iliyomsongea ugali.

Nina wivu. Neno lenyewe ndilo hilo. Namwonea wivu yule mama kwa meno yake, kwa kicheko chake, kwa viatu vyekundu alivyonunua bila kupima na vikamtosha mtoto sawasawa.

Waya nimeuacha kwenye mpira.

Alhamisi, 15 Agosti

Asubuhi Kabula alinikimbilia mashineni. Nikadhani amenikumbuka. Kumbe katumwa kuuliza chumvi iko wapi. Nikamwambia. Akarudi mbio.

Masanja kasema, "Mama, betri hii imekufa. Kesho nabeba, nakwenda mjini kununua nyingine." Nikajibu labda.

Saa nane hivi mama yake akaja peke yake. Akasimama karibu na injini, kanga begani, akatazama betri muda mrefu.

"Mama Limi, waya wako unauma mpira."

Injini ikapiga kelele kwa niaba yangu.

"Niliuona juzi," akasema. "Nilipokuja kuomba kijinga cha moto."

"Mbona hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie tuondoke na mtoto anatapika kwa kulia? Mimi ningemfanya nini njia nzima?" Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Ulinipa siku mbili zaidi. Nimemzoea, kanizoea. Ahsante, Mama Limi. Sasa unaweza kuchaji."

Akaondoka zake kwenda kupepeta mchele.

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Mjinga mimi. Betri ingejaa Jumanne, Kabula angeondoka ananililia. Nimemkabidhi mtoto kwa mkono wangu mwenyewe, mkono huuhuu unaokwaruza.

Nikatoa mpira. Nikaunganisha waya mahali pake. Baada ya muda betri ikaanza kutoa mapovu, matundu yote sita. Ingetosha kuwasha gari jioni hiyo. Sikuiondoa. Nimekaa nayo mpaka jua linatua, nikiongeza maji, nikiishika ubavuni nisikie joto lisizidi. Kabula atakuwa ndani ya gari hilo. Halitamzimikia porini kwa sababu yangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Gari limewaka mara ya kwanza. Masanja kanishukuru sana. Mama yake hakumwambia, na najua hatamwambia.

Kabula alikaa mbele, mapajani kwake. Hakulia. Alinipungia mpaka kwenye kona ya barabara, halafu akageuka kutazama mbele.

Wateja wa kusaga hawakuja. Nimezima injini mapema. Shuka yake sijaifua, na sitaifua wiki hii.

Wewe mwanamke, usifungue daftari hili tena kabla hujafika Kagongwa. Panda basi la Kahama. Beba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, uiloweke kwanza, meno ya mbele ya Kabula yanang'oka. Ukimkuta mapajani kwa yule bibi, usimwite. Vuta kigoda ukae nao. Kisha ndipo urudi hapa uandike.