Imbwa Asiyebweka Amepata Nyumba

Bunia, siku ya tatu, mangaribi

Mama yangu mupenzi,

Unisamehe. Barua yako ilifika wakati Josué hajaota hata jino moja, leo ananiuma na mawili. Kila nikishika kalamu, mutoto analia ao nguo ya mutu inangoja kwenye mashini. Si kusahau, Mama, ni kuchoka. Muko aje huko Mambasa? Muguu wa Baba unamwacha atembee? Siye tuko wazima. Papa Merveille iko Iga Barrière anajenga na wenzake, anarudi kwangu na watoto kila posho, mwisho wa juma. Barabara imetulia, lakini tunatulia tukiwa tunasikiliza.

Sasa acha nikuambie, furaha itanipasua: imbwa amepata nyumba!

Ngoja, nianze vizuri. Majuma matatu yaliyopita nilienda kutafuta vipande vya kuni pale wanashusha mbao. Kamyo moja ilikuwa imefika kutoka kwetu. Katikati ya mbao, imbwa: mwekundu, mukia umejikunja, muguu mumoja umebanwa. Hakulia hata kidogo. Shingoni manyoya yalikuwa yameisha pale kamba ya kengele ilipokaa. Mama, nikajua mara moja: huyu ni wa kwetu! Vijana wa kushusha walitaka kumutupa mutaroni. Nikasema, "Mutainua ile mbao, ao niiinue mwenyewe na mutoto mugongoni?" Wakainua. Nikarudi Josué nyuma, imbwa mbele ndani ya kitenge, njia nzima watu wananichekea: "Mama, hongera ya mapacha! Huyu wa mbele amefanana na baba yake?"

Muguu ukapona. Mwenye parsele tunapopanga ndiye hakupona. "Imbwa gani habweki? Siku hizi mutu anafuga imbwa ili ajue nani anakuja. Huyu wako, mwizi akifika atamupa kiti." Nikamweleza imbwa wa porini kwetu wako vile, ndiyo sababu Baba alikuwa anawafunga kengele ya mbao wasipotee kwenye uwindaji. Hakutaka kusikia. Kisha imbwa akakamata jogoo wake. Akasema: mwisho siku ya yenga, siku ya misa, ao watoto wake watamutia chunguni.

Nikazunguka mutaa wote. Kila mutu: "Anabweka?" Papa mumoja alikubali haraka, lakini alikuwa anamushika mapaja kama anachagua mbuzi sokoni. Nikamwambia, "Hapana, Papa. Huyu anatafuta nyumba, si sufuria."

Posho asubuhi, siku moja tu imebaki, Mama Charité akaja na mutoto kuchukua robe niliyomushonea. Walikimbia vita kutoka Fataki, yeye na Charité, binti yake wa miaka sita. Siku ile imbwa wa kijiji kizima walikuwa wanabweka. Tangu hapo, mutoto akisikia imbwa anabweka, anaingia chini ya meza na kuziba masikio. Hata kwa jirani haendi peke yake. Na mimi nilisahau kufunga mulango wa jikoni! Imbwa akatoka, akasimama mbele ya Charité. Mutoto akaziba masikio, akangoja. Akangoja tena.

"Mbona hasemi?" Charité akaniuliza.

"Huyu hasemi, mama. Kwao ni vile."

"Hata akikasirika?"

"Hata akikasirika. Akifurahi ndiyo anaimba kidogo."

Akatoa mukono mumoja sikioni, halafu wa pili, akamugusa kichwa. Mama yake akaweka robe juu ya mashini. Kisha akaniambia, "Mama Merveille, akae kwetu mpaka mutakapopata parsele yenu."

Nilitaka kumurukia! Lakini nikakaza sauti: asifungwe kutwa, asipigwe mawe, asipewe mutu bila kuniuliza. "Na kuku?" nikamuuliza.

"Hatuna hata mumoja," akasema. "Kumbe umaskini nao iko na faida." Tukacheka mpaka Josué akaamka.

Siku ya yenga, baada ya misa, tukamupeleka, nikamwambia Charité habari ya kengele ya kwetu. Merveille, mukubwa wa Josué, alilia, nikamubeba. Na leo, Mama, nasikia hodi: Charité, peke yake! Amepita nyumba nne zenye imbwa wa kubweka. "Amekula mboga yote ya sombe," akasema. "Lakini nikiwa ndani sijui iko wapi. Ile kengele ya kwenu itafika lini?" Nikamwambia itafika. Nimeahidi kabla ya kukuomba.

Najua kengele ya Kapita, imbwa wa zamani wa Baba, inaning'inia jikoni juu ya moshi, na Baba hapendi mutu aiguse. Umusomee barua hii mpaka pale mutoto alipotoa mikono masikioni, ndipo umwombe.

Musalimie Yaya Paluku, kaka yangu muchonga mbao. Musalimie Masika mudogo wangu, asome. Na Koko, nyanya yangu aliyenilea, mumwambie Josué anacheka kama yeye, na meno wamelingana.

Ni mimi binti yako,
Kavira, Mama Merveille

Bado nahitaji, mutume na kamyo ya mbao: asali chupa moja, ile nyeusi, majani ya Koko ya fizi za mutoto, makemba, zile ndizi za kupika, mabichi, yasiivie njiani, na kengele ya Kapita, na vijiti vyake viwili vya ndani, na ukanda, autoboe Baba mwenyewe, yeye ndiye anajua shingo ya imbwa wa kwetu.