Bega la Kuwaonyesha Wageni

Kaka yangu uliye Kalemie,

Mama ananisihi nikupigie simu. Siwezi. Sauti yako inanichefua, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka nilivyoteleza kwenye mawe ya ziwani tukiwa wadogo, bega likachomoka? Ulilirudisha wewe, ukanifuta machozi kwa shati lako. Siku ile nilikupenda sana. Lakini lilipozoea kutoka, ukaligeuza mchezo. Kila wageni walipofika kwetu Kasingirima uliniita: "Hebu waonyeshe." Nami, kwa kukuheshimu, nilijipinda mpaka likatoka. Rafiki zako walicheka, wakanibonyeza begani kwa vidole vyenye mafuta ya mawese na shombo la migebuka. Nikienda uani kutapika, ulisema nadeka.

Ukubwani lilichomoka nikianika dagaa, nikifunga kanga, hata nikijigeuza kitandani. Daktari aliyenipasua alipitisha kamera kwenye tundu dogo, akaushona ukingo uliochanika ndani ya kiungo. Baadaye akaniuliza, "Nani alikuwa akilichezea hili bega? Kila lilipotoka lilizidi kuchanika."

Niliona aibu kukutaja.

Hukuwepo nilipofungwa mkono kifuani. Jasho lilivundia kwapani, ngozi ikachubuka, na Mama akawa ananipenyezea kitambaa cha maji huku amegeuza uso. Nilijionea kinyaa. Kisha yakaja mazoezi: kutambaza vidole ukutani, kidogo kidogo, meno nimeyauma. Siku nilipoweza kufunga nywele zangu mwenyewe, Mama alilia.

Ndipo ukaja na wenzako sikukuu ya Idd. Sahani zikiwa bado mkekani, ukasema, "Waonyeshe."

"Limeshonwa, kaka."

"Acha utani." Ukanishika kifundo cha mkono, ukavuta.

Halikutoka. Maumivu yalinipanda hadi shingoni, lakini kilichonichefua ni uso wako. Ulikuwa uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni.

"Wamekuharibu," ukasema, ukarudi kwenye nyama.

Bega halikudhurika, mtaalamu wa mazoezi alilikagua, akasema nyuzi zimeshika. Mama anasema damu haitupwi, na mimi sijaitupa. Ukija, karibu ule, ulale. Shikamoo yako utaipata palepale mlangoni. Mkono sitakupa.

Mdogo wako wa kike