Mama Ameniuliza Tena

Nabututu, uko? Nimetoka chumbani kwa Mama sasa hivi.

Unakumbuka ubatizo wetu wa 1973, kanisani Kaloleni? Pasta aliniuliza, "Jentrix, wewe unasema Yesu ni nani?" Nikajibu, "Mama anasema ni Mwokozi." Kanisa zima likacheka, hata wewe ulicheka. Mama peke yake hakucheka.

Unajua vile siku hizi anasahau; leo akili yake imerudi kulekule 1973. Amenishika mkono, akauliza, "Wewe unasema Yesu ni nani?"

Yaani maneno yaleyale ya pasta!

Miaka yote hii nimeimba kwaya bila kujibu hilo swali. Unajua vile nilikuwa naogopa kudanganya. Leo sikuogopa. Nimemwambia, "Ni Mwokozi wangu. Nasema mimi mwenyewe."

Akafurahi, aki! Akanipigapiga mkono.

Halafu akasema, "Asante, sista. Sasa niitie Jentrix naye ajibu. Huyo mtoto wangu bado hajajibu."

Nabututu, hakunijua. Amenisikia, lakini hakunijua.

Nimemwambia sawa, naenda kumwita. Ndio niko hapa nje.