Makofi ya Kasiani

Ifakara, Jumapili usiku, Agosti 1957

Na bado wanampigia makofi Kasiani! Gari la sinema limetuonyesha mwandishi wa gazeti wa Ulaya aliyekataa kumtaja mtu aliyempa habari za mawaziri wanaokula rushwa. Alipofungwa jela, uwanja mzima ukamgeukia Kasiani, kisa aliandika gazetini kwamba wakulima wa Mchombe wanapunjwa kwenye mizani ya mpunga.

"Huyo ndiye mwanamume," mke wangu akasema. Ananiambia mimi! Mimi ninayeandikia gazeti hilohilo habari za mpira na ubatizo.

Kesho Kasiani anaitwa bomani, amtaje aliyempa habari ile. Hatasema, namjua.

Watamfunga, na watu watamshangilia tena. Nami niliyempa habari ile, kwa kuogopa kuiandika mwenyewe, nitapiga makofi pamoja nao.