Mzazi Haachwi Apoe

Auburn, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vyema, goti limetulia, na unapanda ngazi za kwa shangazi bila kushika ukuta. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ananyonya kama aliyetumwa, na mkweo Rajabu yuko kazini kwenye ghala lao kule Smithfield. Mimi ni mzima, mama. Nimelitanguliza neno hilo makusudi, ili yanayofuata uyasome bila kushika kifua.

Kwenye simu uliniuliza, "Nani anakukanda huko?" Mtandao ukakatika, na nilipokupata tena tukaingia kwenye habari za mtoto. Rajabu naye alikwambia tu kwamba nililazwa na nimetoka. Sasa mtoto amelala, nimekaa nikujibu vizuri.

Uliponyimwa viza nililia kuliko nilivyokuonyesha. Nilijua nitazaa bila mtu wa kwetu. Baada ya kujifungua, nesi mmoja mwenye roho nzuri kabisa aliniletea maji ya barafu na mkate wa jibini. Barafu, mama, kwa mzazi! Niliyanywa kwa kiu, huku nakusikia ukinigombeza kutoka Tanga. Kesho yake tukarudishwa nyumbani. Likizo ya Rajabu ikaisha upesi, nikabaki peke yangu na kichanga.

Asubuhi moja nilishuka kutupa taka, kandambili miguuni, nywele mbichi, kanga mabegani. Upepo wa huku katika mwezi wa saba unakata. Kwenye ngazi nikakutana na jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Kichina wa makamo yako, ambaye mwaka mzima tulikuwa tukipungiana mikono tu. Jina lake Mama Ling. Aliitazama miguu yangu, akalitazama tumbo, akapiga ukelele kama vile nimekanyaga nyoka.

"Hapana! Mama mtoto, hapana upepo!"

Akaninyang'anya mfuko wa taka, akanirudisha ndani, akanivisha soksi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanikausha nywele kwa mashine. Jioni akaja na sufuria: mayai yaliyopikwa na mapande ya tangawizi na siki nyeusi, na katikati mguu wa nguruwe. Nilimweleza kwa haya kwamba sisi ni Waislamu. Hakununa. Alichukua sufuria yake akapanda zake juu. Kesho yake akarudi na kuku, ameuinua mfuko wa buchani mpaka usoni kwangu ili nisome neno "halali", huku anacheka. Na sufuria alikuwa amenunua mpya. Hapo ndipo nilipompenda.

Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kama changu siku za mwanzo, kwa hiyo hutumia simu inayotafsiri. Anaiambia kwa Kichina, nayo inaniambia mimi: "Ukizaa, moto wako unatoka pamoja na damu." Moto huo wao wanauita yang. Ndio unaosaga chakula, unaotembeza damu, unaoipa miguu joto. Mzazi umempungua, basi anarudishiwa kidogo kidogo kwa tangawizi, gome la mdalasini, na matunda fulani mekundu makavu yanayofanana na tende. Maji baridi marufuku. Upepo marufuku. Ningefumba macho ningeapa ni wewe na bibi mnaongea, na uji wenu wa pilipili manga na karai la maji ya moto. Nani aliwafundisha watu wa mbali namna ile jambo lile lile?

Basi nikawa nakula na kunywa, na miguu ikaanza kupata uhai. Lakini wiki ya pili nikashikwa na kutetemeka. Meno yalikuwa yanagongana hata nikiwa chini ya mablanketi. Rajabu akaongeza hita, Mama Ling akaongeza tangawizi, nami nikazidi kutetemeka. Tukakubaliana kwamba baridi imeniingia mifupani, kwa hiyo tufuate dawa yenye nguvu zaidi.

Mama Ling akambeba mtoto, akanipeleka kwenye duka la dawa zao karibu na stesheni. Ukuta mzima ni droo ndogondogo, na ukiingia tu unanusa mizizi na magome. Mwenyewe ni mwanamke anayeitwa Bi Lau, mpole, miwani imening'inia shingoni. Nikamwambia, "Nataka ile kali kuliko zote. Nakufa kwa baridi."

Alikuwa ameshavuta droo ya mdalasini. Akaniwekea vidole vitatu kifundoni mwa mkono, akapima mapigo. Akaniambia nitoe ulimi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Damu ina harufu?"

Nikaona aibu. Nikamwambia ndiyo, tangu juzi.

Akaisukuma droo ikafunga. "Leo sikuuzii kitu."

Mama Ling akaanza kubishana naye kwa Kichina, akionyesha miguu yangu. Bi Lau alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Kuna mtu ambaye moto wake umebaki majivu. Huyo namwongezea kuni. Na kuna mtu anayetetemeka huku ndani anaungua. Huyo nikimpa kuni, nachoma nyumba. Wewe unahitaji hospitali, sasa hivi."

Akafunga duka, wateja wawili wakiwa bado mlangoni, akatupeleka kwa gari lake. Kule akamweleza nesi alichokiona, na nesi akamsikiliza. Kumbe kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani, na mji wa mimba ulikuwa umeanza kuoza. Waliposukuma kitanda changu kwenda kunisafisha, nilimkabidhi Mama Ling mtoto, nikasoma shahada. Sikudhani nitamwona tena, wala wewe.

Nilipozinduka, Rajabu ameshika mkono wangu, dripu inatona. Daktari, msichana mdogo tu, akasema nimewahi, na kwamba siku moja zaidi angekuwa na maneno mengine. Bi Lau alikuwa amekaa nje kwenye kiti, hajala. Daktari akatoka kwenda kumshukuru.

Tangu hapo namheshimu mwanamke yule sana. Maisha yake ni kuuza joto, na nilimwendea na hela mkononi, akaninyima. Hata nilipotoka hospitali hakunipa dawa yoyote mpaka vidonge viishe na daktari akubali. Sasa napika mchuzi wa kuku kwa tangawizi na mdalasini kidogo, kama alivyonielekeza. Nina joto mpaka kwenye kucha. Ni dawa, au ni kule kutunzwa? Sijui, wala sijali.

Juzi nilimuuliza Mama Ling kwa nini anajisumbua hivi kwa mgeni. Akaongea na simu yake muda mrefu, na simu ikatoa maneno machache tu: "Binti yangu amezaa Kanada. Sikuweza kwenda. Natumai huko kuna jirani." Tukakaa tumeshikana mikono, mtoto katikati yetu.

Nisalimie baba, umwambie mjukuu amechukua paji lake la uso. Msalimie shangazi, na wifi zangu wote wawili, na bibi umbusu mkono kwa niaba yangu.

Na yule mpangaji wako wa chumba cha uani, binti wa kutoka Kigoma, ulisema mimba imekuwa kubwa na kwao ni mbali. Akijifungua usingoje akuite, mama. Teleka maji, uende ukamkande. Ila akitetemeka, umguse kwanza paji la uso.

Ni mimi mwanao, niliyekandwa ugenini,

Mwanaidi