Meza ya Ghorofani, Wete

Jumatatu, 15 Februari 1960. Wete.

Leo ni tarehe kumi na tano Februari, mwaka 1960. Nimekaa nje ya Pemba miaka thelathini na moja. Niliondoka na ndevu nyeusi.

Asubuhi nimesoma. Mchana nimelala. Baada ya Magharibi nimepanda ngazi za hoteli ya Shehe Nassor, kama jana na juzi. Tangu niteremke melini sijala kwengine.

Sikutegemea kuona kitu kama hiki Pemba. Iko katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Vitambaa vya meza vyeupe, vimepigwa pasi hata mikunjo inasimama. Uma kushoto, kisu kulia. Kwa asiyevitaka linakuja birika la maji ya vuguvugu na bakuli la shaba, na mtumishi anakumiminia taratibu bila ya kukutazama usoni. Mombasa nimekula katika hoteli kubwa, nikifuatana na mawakili niliowafanyia ukarani. Kule ukila kwa mkono unatazamwa. Hapa unachagua, na heshima ni ile ile.

Bilauri ya maji ina barafu. Barafu, Wete! Wana friji la mafuta ya taa, Shehe Nassor amenionesha kama mtu anayeonesha mtoto mchanga.

Boko boko la leo: limepondwa hata huwezi kusema ngano inaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Samli juu yake, kidogo, imetulia. Kisha halua na kahawa. Anayepika ni mkewe, Bi Zuwena. Simjui sura. Namjua mkono.

Shehe Nassor ni mtu mwembamba, wa ukoo uliokuwa na mashamba ya karafuu. Husimama mlangoni kwake akamwita kila mtu kwa jina, akamuuliza habari za watu wake. Mwaka huu siasa imewaingia watu, wako wasiozikana. Ghorofani kwake wanakula wa vyama vyote, meza kwa meza. Namhusudu kwa hilo.

Ameniuliza na mimi habari za watu wangu. Nimesema wazima. Sijui kama ni kweli. Dada yangu Mize yuko Konde, na sijakwenda. Ndiye aliyebaki katika tumbo letu. Baba na mama walizikwa mimi sipo. Nyumba yake ina watu wengi, mimi ni mzee mwenye masanduku, sitaki kumwelemea. Kila siku nasema kesho.

Meli ya kurudi ni Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya Ramadhani. Tiketi ninayo.


Jumatano, 17 Februari.

Amekuja Faki, mtoto wa Mize. Nilimwacha ananyonya. Sasa ni dereva wa gari ya abiria ya Konde, na mvi mbili tatu za mapema. Amenibusu mkono, akaniita mjomba, akakataa kukaa.

Mize anajua kuwa nipo. Amejua tangu siku niliyoteremka. Abiria wa Faki ndio waliompelekea habari, na habari yenyewe haikuwa kwamba nimekuja. Ilikuwa kwamba nakula hotelini. Sokoni Konde wanamuuliza Mize kama kaka yake hana kwao.

Nimemwambia Faki hii si hoteli ya mtu aliyekosa pa kwenda. Nimemwelezea vitambaa, barafu, boko boko. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, hata wangelikulisha kwa kijiko cha dhahabu."

Hakumaliza. Gari ilikuwa na watu juani.

Nimekasirika. Miaka yote nimekula kwa jasho langu na hakuna aliyeniuliza kwangu wapi. Tena hoteli hii ni kitu cha kujivunia. Laiti Mize angeiona.


Alhamisi, 18 Februari.

Nimepata la kufanya. Watu wanajitayarisha kwa vunja jungu, karamu za mwisho kabla ya mfungo. Nitamwalika Mize hapa hapa, Alhamisi ijayo. Meza nzuri kuliko zote. Akiiona ataelewa.

Nimeongea na Shehe Nassor. Alivyokunja kitambaa cha mkononi ndivyo nilivyojua ana neno. Akasema kwa upole kuwa wanawake wenye heshima zao hawajazoea kupanda ngazi hizi, lakini kiko chumba cha ndani chenye pazia, na humo atatuandalia. Kuku wa kupaka, samaki, boko boko, mkate wa mofa. Nikataka na barafu.

Halafu, nilipokuwa nateremka, sauti ya Bi Zuwena kutoka jikoni: "Mzee wangu, umekwishakwenda kumwamkia?"

Nikasema nitakwenda. Akasema, "Nenda kwanza. Meza haitembei."

Sikumsikiliza. Nimemtuma Faki na mwaliko. Nimefurahi mchana kutwa.


Jumamosi, 20 Februari.

Jibu. Faki amelisema akitazama usukani.

"Mama kasema, hajapata kununuliwa chakula na mtu wa nyumbani, na hataanza sasa."

Basi.


Jumapili, 21 Februari.

Nimekwenda Konde.

Njia mbovu, kiuno kimelia. Karafuu zimezeeka. Madukani nyuso nyingi, hata moja siijui, lakini wote walinijua. Mmoja kibarazani akaniamkia vizuri kabisa, kisha nikamsikia nyuma ya mgongo wangu akimwambia mwenzake kuwa yule ndiye bwana wa ghorofani. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ndiyo maana imeuma.

Nyumba ya Mize ni ile ya baba. Mlango umebadilishwa. Mize mwenyewe mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, amekauka, macho ni ya mama. Alinishika mkono, akalia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga, na hapo hapo uso ukafungwa. Tumekaa barazani. Aliuliza hali ya Mombasa, jambo moja moja. Aliuliza marehemu mke wangu alizikwa wapi. Nilijibu yote kwa mpangilio, kama niko mahakamani.

Ndani kulikuwa na harufu ya papa wa nazi. Adhuhuri ikapita. Wakubwa na watoto wakaingia ndani kula, kundi baada ya kundi. Nikaletewa maji.

Maji matupu. Katika nyumba ya baba yangu.

Niliyanywa. Yalipokwisha akaja mtu kuichukua bilauri, na Mize akasema, bila ya kupandisha sauti:

"Si ushakula, kaka?"

Nilisema nimeshakula. Nikaondoka na gari ya alasiri. Pemba mtu hatoki nyumbani kwa watu na njaa, hata aliyekuja kuuliza njia. Anayetoka na njaa ni yule aliyesema mwenyewe kuwa hahitaji.

Nimefahamu. Nimechelewa kufahamu. Kila jioni niliyopanda ngazi zile, nilikuwa nalitangazia soko zima la Konde kuwa dada yangu hana sufuria.


Jumanne, 23 Februari.

Sijasoma. Nimekula kwa Shehe Nassor kwa sababu sina pengine. Samaki alikuwa mzuri, naweza kulishuhudia hilo. Sikumsikia ladha.

Nimemwambia afute karamu ya Alhamisi. Amekataa. Amesema meza ikishatajwa huandikwa, mtu aje asije, ndivyo alivyojifunza kwa baba yake, na kwamba atakaa na mimi mwenyewe tule. Mtu wa namna hii nimekutana naye mara chache katika maisha.

Masanduku nimeyafunga. Nitakwenda na meli ya Jumamosi. Nikifa Mombasa watanizika majirani. Ni watu wazuri.


Ijumaa, 26 Februari.

Niandike ya jana kabla hayajapoa.

Baada ya Magharibi nilikuwa chumba cha ndani, peke yangu, pazia limefungwa. Kitambaa cheupe. Karabai juu. Vitambaa vya kufutia mikono vimekunjwa mfano wa jahazi. Shehe Nassor aliandika meza ya watu watatu, mimi, Mize na Faki, kama nilivyosema mwanzo. Nilikuwa nimezitazama sahani mbili tupu kwa muda.

Ukumbini mazungumzo yakakatika. Yote kwa pamoja. Nikasikia ngazi, hatua ya mtu mzee, na pumzi.

Pazia likafunguliwa. Mize, na buibui lake. Nyuma yake Faki, sinia kichwani, limefunikwa kawa. Nyuma ya Faki Shehe Nassor, hajui aweke wapi mikono.

Mize hakunitazama mimi. Alimgeukia yeye.

"Shehe, niazime meza."

"Meza yenu, Bi. Nikuleteeni sahani?"

"Sahani unazo nyingi, naziona. Ziondoe. Mie n'na sinia."

Akaziondoa mwenyewe, moja moja, na uma na visu, na jahazi zote za vitambaa. Mtu mwengine angeona kavunjiwa heshima katika hoteli yake. Yeye aliinama kidogo, kama aliyepewa kazi ya maana. Akaleta birika la maji ya vuguvugu, akatumiminia kwa mkono wake. Hapo nilimpenda zaidi ya siku zote.

Faki akaliweka sinia juu ya kitambaa cheupe. Mize akaondoa kawa. Wali wa mpunga wa bonde letu, mwekundu mwekundu. Papa wa nazi. Kisamvu. Hakuna cha karamu. Ni kilichopikwa nyumbani siku hiyo.

Tukala. Kwa mgeni, mwenye nyumba huchagua kipande kizuri akakisukuma upande wake. Mize hakunisukumia kitu. Alikula upande wake, Faki upande wake, nami ikanibidi kunyoosha mkono kumfuata papa mwenyewe, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Niliona hilo. Nadhani alitaka nilione.

Katikati ya chakula akasema, "Watu wamenizunguka sokoni. Wananiuliza, Bi Mize, umegombana naye nini hata unamwacha ale kwa watu? Mie nijibu nini? Sijui hata nimekukosea nini."

"Hukunikosea. Niliogopa kukuelemea. Nimekaa mno, Mize. Nilijiona mgeni."

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Mgeni hupikiwa, kaka. Weye ungekula kilichopo."

Faki aliinamia sinia. Mimi nililia, mzee mzima, vidole vina wali.

Bi Zuwena akaja. Ndiyo mara ya kwanza kumwona: mnene, mfupi, mikono imeungua hapa na pale. Akaomba ruhusa, akachota papa kwa ncha ya vidole, akafumba macho. Akamuuliza Mize ametia ndimu au embe mbichi. Mize akamwambia akikaa atamwambia. Akakaa. Waliongea mapishi mpaka Shehe Nassor akachungulia kuuliza jiko nani analo. Mkewe akamjibu kuwa analo yeye, aende akakoroge.

Ndipo likaletwa boko boko. Mize alilitazama kwa shaka. Akaonja. Akaonja tena. Bi Zuwena alikuwa amesimama pale kama mtahiniwa.

"Mkono unao," Mize akasema. "Kaka yangu hakuwa mjinga, ila hana adabu."

Kicheko kilitoka mpaka ukumbini, na ukumbini wakacheka nao bila ya kujua wanacheka nini. Barafu Mize aliitia mdomoni, akaitema kiganjani, akaitazama inavyoyeyuka, akamwambia Faki amfungie nyengine kwenye jani awapelekee watoto. Faki akasema haifiki hata nusu ya njia. Mize akasema amfungie tu.

Alipokuwa anafunika sinia akasema chumba cha baba kina kitanda, na kwamba yeye hanilazimishi. Nilibeba sinia mimi. Faki alitaka kunipokea, nikamkatalia. Nimepita nalo ukumbini, mbele ya watu wote, nimeshuka ngazi.


Jumatatu, 29 Februari. Konde.

Mfungo umeingia. Meli imekwenda na watu wake Jumamosi.

Chumba cha baba kina dirisha upande wa mnazi. Masanduku hayakuenea yote, moja liko ukumbini, watoto wanalikalia. Vitabu vilivyobaki Mombasa nitamwandikia jirani, achukue anavyopenda. Nitavikosa baadhi. Nitakikosa na kile chumba cha ndani, kitambaa cheupe, na ile namna ya Shehe Nassor kusimama mlangoni kwake. Hajapata kuwa na mteja, amesema, aliyemfurahisha kwa kuacha kuja. Bi Zuwena ameleta bakuli la boko boko kwa gari ya Faki. Mize atalirudisha na kitu ndani yake. Mambo hayo hayataisha leo wala kesho.

Tumefuturu barazani. Muhogo, uji, samaki wa ng'onda. Hakuna aliyenisukumia kitu. Mtoto mmoja alinitangulia kwenye kipande nilichokuwa nakitazama.

Mombasa sitarudi.