Hotuba ya Ng'ombe Watano

Buhongwa, Mwanza
Mwezi wa tisa, 1994

Kwa dada yangu Bernadeta, Busisi, ng'ambo ya maji.

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana najua hiyo ya kwanza umeipokea kwa kunung'unika. Goti linaendeleaje? Mizizi niliyokuletea siku ya Pasaka uliichemsha, au uliwatupia kuku? Sisi huku hatujambo. Kikohozi changu kimeondoka chenyewe kilipoona hakiniwezi. Mihogo imekubali, mahindi yamekataa. Mjukuu wako Selina anakusalimu sana. Tumbo lake limekuwa kubwa hata mumewe sasa anateka maji mwenyewe, na wanaume wenzake wanamcheka, naye hajali. Wakunga wanasema atajifungua mvua zikishakolea.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Wale waliosema elimu ya watu wazima ilinipita kama lori la mnadani waje waone mistari ilivyonyooka. Najua anayekusomea ni Katekista Antoni. Antoni, pole na kazi ya Bwana. Soma kama ilivyo, usiruke, wala usichomeke maneno yako ya kanisani.

Dada, hao wageni wawili walioketi hapo uani ni Malimi, mwenyekiti wa kamati yetu ya zahanati, na Yunus, yule kijana mwenye vipaza sauti ambaye huendesha sherehe huku kwetu. Wape uji. Huyo mtamba mwenye mimba waliyekuja naye usiwaulize habari zake sasa. Nimewakataza kusema. Kila jambo lina mahali pake, na jambo hilo mahali pake ni mkiani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na utaona mwenyewe kwamba hata mzee hufundishika, akiwa na akili kama zangu.

Mambo yalianzia kwenye harusi ya binti wa Kija, jirani yetu. Nadhani habari zilikufikia hata huko kwamba nilinyang'anywa kipaza sauti mkononi. Waliokuambia wali ulipoa wakinisubiri wamekudanganya, ulikuwa bado vuguvugu. Lakini mzee mwenzangu Obedi, unamjua Obedi, tangu siku hiyo akawa anapita kilabuni akisema kwamba hotuba ya Mashimba ni kama kwenda Bukoba kwa miguu: kufika utafika, ila waliokuaga watakuwa wamekwisha kufa. Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama angekuwa anasemwa mwingine.

Sasa, zahanati yetu kuta zimesimama, na chumba cha wazazi kipo, kikubwa kuliko nyumba ya Obedi. Paa ndilo halipo. Wanawake wetu bado wanapelekwa mjini kwa baiskeli na uchungu umekwisha kuwashika, na mmoja mwaka huu alijifungulia njiani, kwenye mtaro, wanawake wenzake wamemzungushia kanga. Serikali inasema changieni, zama hizi ndivyo zilivyo. Ndipo akajitokeza Farouk, mfanyabiashara wa mjini, akasema sisi tukiezeka kabla ya mvua, yeye ataleta milango na vitanda. Mvua ikitukuta bila bati, kuta za udongo zitayeyuka kama sukari, naye fedha yake ataipeleka kwingine. Tukaitisha harambee, Farouk akawa mgeni rasmi.

Wazee wakakaa kuchagua wasemaji. Wengine walimtaka Obedi kwa sababu ana miwani. Wengine walinitaka mimi kwa sababu nina sauti. Malimi akakata shauri kwamba Obedi atawakaribisha wageni, mimi nitaeleza haja ya kijiji, na atakayefanya vizuri ndiye atakuwa msemaji wa wazee kuanzia siku hiyo. Kisha akanigeukia akasema kwamba nikinyang'anywa kipaza sauti mara ya pili, harambee zote zijazo nitakaa na wapishi kuchochea kuni. Dada, mimi na kuni!

Hapo ndipo akaingia mkwe wangu Dorcas, mke wa Mayala. Unajua ni mwalimu, na unajua pia ana adabu, hakai mkeka mmoja na baba mkwe wake. Basi alinifundisha hotuba akiwa jikoni, nyuma ya mlango, mimi nimekaa nje nimeupa mlango mgongo. Akaniambia kwa heshima kwamba kasoro yangu si sauti wala maneno, maneno ninayo hata ya kugawa. Kasoro yangu naanza safari kabla sijajua ninakolala. Hotuba, alisema, ina utangulizi, ina kiini, ina hitimisho. Kwanza jiulize unataka watu wainuke pale wafanye nini. Hilo ndilo hitimisho, nalo ulijue kabla hujafungua kinywa. Kisha chagua mambo machache yatakayowafikisha hapo, na lisilowafikisha liache nyumbani hata kama ni tamu.

Nikamwambia yote hayo nilikuwa nayajua tangu zamani.

Tukaanza kupunguza. Nilitaka kueleza jinsi nilivyoua kiboko. Mlango ukaniuliza kiboko ataezeka nini. Nikataka kutaja waliohamia hapa tangu wakati wa Mjerumani. Mlango ukakohoa. Nilibishana nao hadi sufuria ikaungua, lakini mwishowe kiboko nikamwacha. Iliniuma, maana ni kiboko wa kweli, wewe mwenyewe ulikula paja lake.

Akaniandikia mpango wote kwenye karatasi, akaupitisha chini ya mlango. Nikaurudisha pale pale. Mimi kusoma nasoma, lakini karatasi ikiwa mbele ya watu herufi zake hukimbia. Nikamwambia nina njia yangu. Na njia yenyewe, dada, ni yako. Unakumbuka jioni ulivyonisimamisha mlangoni pa zizi la baba, ukanikataza kuhesabu kwa kidole? Ulisema ng'ombe hawahesabiwi, wanatazamwa: jua nani humfuata nani, na asiyekuwepo utamwona mwenyewe. Basi nikaipanga hotuba yangu kwa ng'ombe wa baba. Mbele, yule jike mweupe wa kengele, ambaye hakusimama mlangoni hata siku moja: hizo zikawa salamu, fupi, zinapita. Nyuma yake yule mwekundu aliyevunjika pembe: hiyo ni shida ya wanawake wetu njiani. Kisha mweusi mpiga mateke, ambaye ni kazi tuliyokwisha kuifanya, matofali na mchanga na mawe. Kisha yule wa kijivu mwenye maziwa mengi, ndiye Farouk na ahadi yake. Mwisho kabisa, baada ya wote, fahali wa baba. Fahali akiingia zizi linafungwa. Hapo niwaambie watu watoe walicho nacho, nikae.

Dorcas akaweka mwiko chini nyuma ya mlango. Kisha akasema, Baba, huo ndio mpango, hata chuoni hawakutufundisha hivyo. Ila aliogopa mlango wa zizi usije ukabaki wazi. Tukakubaliana kwamba akiona nimefika kwa fahali na bado nasema, atapiga kigelegele, nami nikisikia kigelegele nikae hapo hapo.

Siku ikafika. Watu walikuja hata kutoka Buzuruga. Obedi akaanza. Alivaa koti, akatoa karatasi, akasema itifaki izingatiwe, kisha akaizingatia yeye mwenyewe. Alimsalimu mgeni rasmi, na aliyefuatana na mgeni rasmi, na dereva wake, akashuka kwa viongozi wa kata, wa kijiji, wa vitongoji, balozi wa nyumba kumi mmoja mmoja kwa jina na jina la mkewe. Balozi mmoja aliyesahaulika akasimama kudai salamu yake. Obedi akarudia tangu juu. Kufika kwenye "dhumuni la kukutana hapa leo", wanawake walikuwa wamekwisha kuhama na viti kufuata kivuli, na Yunus akamwendea taratibu akauchukua mkono wake kama anamsalimu, akarudi na kipaza sauti. Dada, sikucheka. Nilitazama chini nikakaza mdomo kama mtu aliyepandwa na siafu.

Nikaitwa mimi.

Nilisimama bila karatasi, nikafumba macho kidogo, nikafungua zizi. Mweupe akapita na kengele yake, nikasalimu kwa pumzi moja. Mwekundu akaja, nikasema habari ya mtaro na kanga, na uwanja ukanyamaza hata nikasikia upepo wa ziwani ukipiga turubai. Mweusi akaja, watu wakaitikia kila tofali. Wa kijivu akaja, Farouk akainamisha kichwa kwa haya. Wanaume walikuwa wananitazama kama walivyokuwa wanamtazama baba. Nikasema moyoni, Obedi, kuni zinakungoja.

Ndipo fahali akaingia.

Dada, sijui nikuelezeje. Nilimwona. Si lile neno nililomfungia, alikuja yeye mwenyewe, na mavumbi yake. Nikasema kwa sauti yangu yote: na sasa, fahali! Nikawaeleza alivyo mwekundu kama udongo wa kichuguu, paji jeupe, pembe ya kulia inatazama mbele na ya kushoto imelala, sikio la kushoto limekatwa ncha. Nikasifu na nundu. Sikuweza kuacha. Dorcas akaona zizi liko wazi, akapiga kigelegele kama tulivyokubaliana. Wanawake wote wakadakia. Nami, kwa utii wangu, nikakaa.

Sasa Antoni, hapa simama kidogo. Mpe dada maji. Uusogeze na mkongojo wake mbali.

Dada, desturi yetu unaijua kuliko mimi. Mtu akitoa ng'ombe mbele ya watu hasemi tu natoa ng'ombe. Anamtaja rangi, pembe na alama ya sikio, ili kesho asije akaleta kikongwe badala yake. Yunus, huyo huyo anayekunywa uji wako, akaruka juu ya meza akatangaza kwamba Mzee Mashimba ametoa fahali. Watu wakanibeba. Nilipokuwa huko juu mabegani nikatafuta namna ya kueleza kwamba fahali niliyemsema amekufa tangu enzi za mkoloni, na nilikuwa karibu kabisa kusema. Lakini Obedi akauliza kwa nguvu ni fahali gani huyo, maana Mashimba zizini mwake ana majike matupu.

Akamjibu Farouk. Akasema fahali huyo anamfahamu, rangi ile na pembe zile. Yuko Busisi, kwa mama mmoja mjane. Alikwenda kumnunua mwaka jana, akafukuzwa kwa mwiko hadi kwenye gari. Maana wewe mwenyewe unajua, dada, fahali wako ni damu ya yule wa baba, hakupunguza hata pembe. Farouk akasema kama mama yule, aliyekataa fedha taslimu, amekubali kumtoa fahali yule kwa ajili ya wazazi wa Buhongwa, basi yeye ni nani, na juu ya milango na vitanda ataongeza tangi la maji. Kigelegele cha pili kilikuwa chako. Walitaja jina lako. Hata Obedi alipiga makofi, mawili.

Nikasema ndiyo, dada yangu amekubali.

Sasa umejua. Hao hawakuja kusalimu tu, wamekuja kumchukua, akauzwe mnadani, tununue bati. Huyo mtamba ndiye yule uliyemshika mgongo mwaka jana ukasema anafanana na mama yake. Ni wako. Mimba aliyo nayo pia ni yako, na ikiwa dume, wewe ndiye utajua la kulifanya, mimi kuhusu mafahali nimeamua kunyamaza. Najua mtamba si fahali. Najua pia utasema ningekuuliza mapema, lakini ungekataa, halafu ungetoa baada ya kuniona nimedhalilika vya kutosha. Mimi nimekufupishia njia.

Ukikataa ni haki yako, mali ni yako. Itanibidi nisimame tena mbele ya watu wale wale, Farouk akiwapo, niseme nilichosema sicho. Nilimuuliza Dorcas hotuba ya namna hiyo hupangwaje. Mlango ukasema, Baba, hiyo haina utangulizi wala kiini. Ina hitimisho tu.

Nyumba ya Selina iko hatua chache kutoka kile chumba kisicho na paa. Anasema mtoto akiwa wa kike ataitwa Bernadeta. Sikumwambia aseme hivyo. Nilimwambia kidogo.

Wasalimu wote wa Busisi walio wazima, na wagonjwa uwape pole yangu. Dorcas anapiga magoti. Mayala yuko salama, Obedi pia yuko salama, anachochea kuni. Antoni, ahsante, umesoma vizuri. Wewe pia jifunze kufupisha mahubiri.

Dada, Malimi na Yunus wamekuja na kamba moja tu, hiyo iliyo shingoni mwa mtamba. Sikuwapa ya pili. Tafadhali isirudi kwangu bila shingo ya fahali ndani yake.

Ni mimi mdogo wako uliyenifundisha kusimama mlangoni,

Mashimba,
Msemaji wa Wazee (ikiwa utapenda)